Unasomea uuguzi au udaktari na unaogopa kutapika? Usiache chuo kwanza

Kila wanafunzi wapya wakianza kupelekwa wodini, kwenye kliniki yetu ya ushauri wanakuja vijana wenye shida ambayo wengi wanaona aibu hata kuitamka, wanaogopa kutapika. Sizungumzii mtu asiyependa matapishi, maana hakuna anayeyapenda, nazungumzia hofu inayomfanya mtu atetemeke, mikono iwe ya baridi na moyo umwende mbio kwa kusikia tu mgonjwa wa kitanda cha jirani anakohoa kama anataka kucheua. Wapo wanaoogopa kutapika wenyewe, wapo wanaoogopa kumwona mwingine akitapika, na wengi wana vyote viwili. Kitaalamu inaitwa emetofobia, na kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka 2013 inaingia kwenye kundi la hofu mahususi. Ikidumu miezi 6 au zaidi na ikaanza kuvuruga masomo, kula au maisha ya mtu, hapo tunaiita tatizo la kutibu. Mara nyingi inaanza utotoni na inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Kinachowaumiza hawa wanafunzi zaidi ni kuificha. Binti haamki kula chai kabla ya shifti, mkononi ana ndimu, muda wote anajishika tumbo, hosteli nzima washaamua ana mimba. Wa kiume ataambiwa we mlaini, hii kazi huiwezi. Akienda nyumbani akisimulia kuna shangazi atasema mtoto kafanyiwa kitu asifike mbali kimasomo. Kwa hiyo ananyamaza, anabadilishana shifti na wenzake, logibuku, lile daftari la kurekodi kazi za vitendo, inabaki na mapengo, mwisho anasapu, yani anafeli na kurudia mtihani, somo la vitendo ambalo kichwani analijua vizuri tu.

Sasa tuelewe mwili unafanya nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganywa. Ukiogopa, mwili unamwaga adrenalini, na moja ya kazi zake ni kupunguza mwendo wa tumbo, chakula kinakaa bila kushuka na moyo unaanza kuchafuka. Mtu mwenye hofu hii anakagua tumbo lake kila dakika, akisikia kichefuchefu kidogo tu anajiambia haya sasa natapika, hofu inapanda, tumbo linazidi kuvurugika, anaona kabisa alikuwa sahihi kuogopa. Kichefuchefu chake ni cha kweli, hamdanganyi mtu yeyote, ila hakijatoka kwenye chakula kibovu wala vijidudu, kimetoka kwenye hofu yenyewe. Na kuchafuka moyo hakumaanishi utatapika, wengi ukiwauliza mara yako ya mwisho kutapika ni lini wanakujibu ilikuwa shule ya msingi huko, miaka kumi na kitu wanakimbia kitu ambacho hakijawapata tena.

Naomba hapa tutofautishe na hofu ya damu kwa sababu wanafunzi wanaambizana mbinu kwenye magrupu. Anayeogopa damu presha yake huwa inashuka ghafla na anaweza kuzimia, ndio maana anafundishwa kukaza misuli ya miguu na mikono ili presha isishuke. Kwenye hofu ya kutapika kwa kawaida mapigo yanapanda tu na hayashuki hivyo, kwa hiyo kukaza misuli hakutakusaidia, utaongeza mkakamao tu.

Kinachoifanya hofu isiondoke ni vile vitu vidogo vidogo unavyofanya ili uwe salama. Pipi ya minti mdomoni, mfuko wa nailoni kwenye pochi kila siku, kunusa chakula mara tatu na kuangalia tarehe ya kuisha, kutokula chochote ukiwa na zamu, kusimama karibu na mlango wa wodi, kumuuliza sista mgonjwa huyu anatapika? kabla hujamsogelea, kutoka nje mara tu mtu akishika tumbo. Kila kimoja kinakupa nafuu ya dakika chache na kila kimoja kinaufundisha ubongo kwamba umepona kwa sababu ulikimbia, kesho yake hofu inakuja kubwa zaidi. Hata dawa ni hivyo hivyo, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mnazifikia kirahisi, acheni kujinunulia metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, duka la dawa mkameza kila mkienda wodini. Kwa vijana, hasa wasichana, inaweza kuleta mkazo wa misuli, shingo inajipinda na macho yanageuka juu, tena inatisha kuliko hicho unachokikimbia. Promethazini nayo itakusinzisha kwenye zamu ya usiku na una wagonjwa wa kuangalia.

Matibabu yapo na yanafanya kazi. Tunayotumia ni tiba ya mazungumzo na vitendo, yani kufikiri upya pamoja na kulikaribia lile unaloliogopa kidogo kidogo kwa mpangilio. Uingereza walifanya utafiti mdogo uliochapishwa 2016, watu 24, waliopata tiba walikuwa na vikao 12, na nusu yao walipata nafuu kubwa ya kuonekana, wakati kwa waliokuwa wanasubiri zamu ni wawili tu. Ni utafiti mdogo na si kila mtu alipona, lakini unaonyesha kitu hiki kinasogea kikishughulikiwa.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Tunaandika pamoja ngazi kuanzia kinachotisha kidogo. Mwingine anaanza kwa kuandika tu neno tapika kwenye karatasi na kulisoma kwa sauti, anaenda kwenye picha, halafu sauti ya mtu anayetapika, halafu video. Baadaye tunatengeneza matapishi ya uongo, uji wa dona uliopoa, karoti iliyokatwakatwa, maharage machache na siki kidogo kwa ajili ya harufu, yanawekwa kwenye beseni, mtu anayaangalia, anayanusa, anayafuta sakafuni kwa kitambaa, na akiwa tayari anaweka kidogo mdomoni na kuyatema chooni akiwa ameinama huku anatoa sauti ya kutapika. Ndio, inaonekana ajabu na wengine wanalia siku ya kwanza, lakini hakuna anayelazimishwa ngazi ambayo hajakubali. Kabla ya kila zoezi anaandika anachotabiri, kwa mfano nitatapika ndani ya dakika tano au nitachanganyikiwa, halafu anakaa hapo bila pipi, bila mfuko, bila kukimbia, kisha tunalinganisha alichoandika na kilichotokea. Hatusubiri kichefuchefu kiishe ndio aendelee, tunamfundisha kuendelea kikiwepo.

Na wodini mna bahati moja ambayo mtu wa nje hana, mna kazi ya kufanya. Mama anapokaribia kusukuma mtoto kutapika ni kitu cha kawaida sana, na aliyetoka thieta baada ya kulazwa usingizi hivyo hivyo, kwa hiyo utakutana nacho, jipange. Mgonjwa ambaye hajaamka vizuri akitapika akiwa chali matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu, kumgeuza ubavu ni sekunde chache na zinaokoa maisha. Vaa glavu, aproni na barakoa, mgeuze, mkono mmoja ushike kichwa na mwingine bakuli, ita msaada wa mashine ya kunyonya kama ipo. Halafu yaangalie, usigeuze uso, jiulize yana rangi gani, mengi kiasi gani, yameanza saa ngapi. Kichanga akitapika kijani hiyo ni dharura ya upasuaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yakiwa meusi kama kahawa iliyosagwa fikiria damu ya tumboni. Andika kwenye chati ya maji yanayoingia na kutoka. Wanafunzi wengi wanashangaa kwamba macho yakiwa na kitu cha kutafuta ile hofu inapungua nguvu, kwa sababu umeacha kulisikiliza tumbo lako na unamsikiliza mgonjwa.

Usafi ufanyike kwa kiwango chake, usizidishe. Klorini ya asilimia 0.5 kwenye matapishi, iache dakika 10 ndio ufute, halafu nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jeli ya spiriti peke yake haitoshi kwa virusi vya noro, vile vinavyoleta kutapika na kuhara, na wala kunawa mara ishirini hakukuongezei kitu zaidi ya kuchubua mikono. Kwenye kambi ya kipindupindu fuata utaratibu wa pale, maliza, nenda ukale.

Walimu na mainchaji, yani wakuu wa wodi, nawaombeni pia. Kumtupa mwanafunzi ghafla kwenye tukio baya eti azoee kunaweza kumharibu, na kumsamehe kazi zote za matapishi kunaikuza hofu. Mpeni kazi ndogo leo na kubwa kidogo wiki ijayo, mkiwa naye karibu, bila kumchekea mbele ya wagonjwa.

Mwanafunzi, kama umepungua uzito, unaruka milo kwa sababu ya hofu, unakosa usingizi au unawaza kujidhuru, usisubiri likizo. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au kwa mshauri wa chuo chako. Najua ukisikia afya ya akili unawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ila huku unakuja kwa miguu yako, unakaa kwenye kiti, mnaongea, na jioni unarudi hosteli. Ukifika mwambie tu naogopa kutapika, tangu lini, na mambo gani umeacha kufanya kwa ajili hiyo. Ile orodha ya mambo uliyoyaacha ndiyo tutakayoanza nayo.