"Mchungaji, nimekuletea mwanangu": dhana potofu kuhusu kazi ya mchungaji wa vijana

Kila darasa la kipaimara linapoanza, na kila kambi ya vijana inapokaribia, maneno huwa ni yale yale. Mzazi anasimama mlangoni pa ofisi, kijana wake nyuma yake ameinamisha kichwa, halafu anasema: "Mchungaji, nimekuletea huyu. Mimi ameshanishinda." Nimeyasikia tena juzi. Jibu la mlangoni, mtoto mwenyewe akisikiliza, haliwezi kuwa jibu kamili, kwa hiyo naliandika hapa pamoja na mengine ambayo nimechoka kuyarudia mdomoni.

"Imani ya kijana ni kazi ya mchungaji wa vijana"

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu anayeipoteza nafasi ni mzazi, na anayelipa ni mtoto.

Juma lina saa 168. Kijana mwaminifu, anayekuja ibadani na kwenye kipindi cha vijana, anakaa nasi saa tatu hivi. Akiwa mwanakwaya, labda tano. Saa nyingine zote yuko shuleni, yuko usingizini, yuko kwenye simu, yuko nyumbani kwenu. Hakuna mahubiri wala kambi inayoweza kushindana na anachokiona mezani kwao kila siku: namna baba anavyomzungumzia jirani aliyemkosea, namna mama anavyofanya fedha zikipungua, kama Biblia inafunguliwa siku ambayo hakuna mgeni.

Kuna utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 2001 chini ya mwanasosiolojia Christian Smith. Watafiti waliwahoji kwa simu vijana 3,290 wa miaka 13 hadi 17, pamoja na mzazi mmoja wa kila kijana, kisha wakaendelea kuwafuatilia hadi utu uzima. Walichokikuta kinapingana na yale tunayoambiana koridoni, kwamba vijana wa leo wamewaasi wazazi wao. Wengi walifanana na wazazi wao kidini kuliko mtu alivyotarajia, na wazazi ndio waliokuwa na mvuto mkubwa kuliko wote katika imani ya mtoto. Walikuta pia vijana wengi waliohudhuria kanisani bila kuweza kueleza kwa maneno yao wenyewe wanachokiamini. Hilo halinishangazi. Mtu hajifunzi kusema lugha ambayo nyumbani kwao haizungumzwi.

Na Maandiko yalikwisha kulisema zamani. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamwagiza mzazi ayafundishe maneno ya Mungu akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Paulo alimlea Timotheo katika huduma, akamwita mwanawe, lakini anapomwandikia waraka wa pili anaitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, kwa hiyo neno hili liwatie nguvu pia wanaolea peke yao au ambao mwenzao haamini.

Huduma za vijana zenyewe hazikuanzishwa ili kuchukua nafasi ya mzazi. Robert Raikes alipoanza shule ya Jumapili huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwakusanya watoto waliokuwa wakifanya kazi viwandani siku sita za juma na hawakuwa na mahali pa kujifunza kusoma. George Williams alikuwa na miaka 22, mfanyakazi wa duka la vitambaa jijini London, alipoanzisha YMCA, chama cha vijana Wakristo, na wenzake mwaka 1844 kwa ajili ya vijana waliokuwa wamekuja kutafuta kazi, mbali na kwao. Huduma ilikwenda mahali ambapo mzazi hakuweza kufika. Mzazi anayelala nyumba moja na mtoto wake amekwisha kufika.

Sasa ushauri wangu, na nitaurudia hata kwa wasiouomba. Usilitumie kanisa kama adhabu. "Ukiendelea hivi nitakupeleka kwa mchungaji" ni sentensi inayonigeuza kuwa polisi kabla sijakutana na kijana, na itanichukua miezi kuifuta. Kinyume chake nacho ni kibaya vilevile: kijana ameshindwa hisabati, basi amekatazwa kuja kipindi cha vijana hadi muhula uishe. Simu ameachiwa, mpira ameachiwa, kilichokatwa ni mahali pekee ambapo watu wazima wasiomdai alama walikuwa wanamuuliza habari zake. Amejifunza somo moja hapo, kwamba mambo ya Mungu ndiyo ya kwanza kupunguzwa.

Halafu zungumza naye mkiwa bega kwa bega. Kwenye gari, mkiosha vyombo, mkitembea. Vijana wengi wanafunguka zaidi wasipokaziwa macho. Mweleze siku ambayo wewe mwenyewe ulimwomba Mungu jambo usilipate. Ukimkosea, mwombe msamaha kwa kinywa chako. Mimi naweza kufundisha somo zima la toba, lakini mtoto aliyewahi kumsikia baba yake akisema "nisamehe" amelielewa kabla sijafungua mdomo.

Niite, tushirikiane. Ila usiniite kuwa mbadala wako.

"Kazi yake ni Jumapili tu"

Jumapili ndiyo siku inayoonekana. Siku nyingine ni kuwatafuta waliokosekana, kuandaa somo, kufuatilia fomu za ruhusa za wazazi kwa ajili ya kambi, kutafuta usafiri salama, kuitetea bajeti mbele ya baraza la wazee, kukaa hospitalini na familia, na kujibu ujumbe unaoingia usiku wa manane kutoka kwa kijana ambaye wazazi wake wanatengana. Ujumbe huo wa usiku ndio kazi yenyewe.

"Anayesinzia ibadani hana hamu na Mungu"

Wazee wangu naomba mnisikilize kwa hili. Balehe husogeza mbele saa ya mwili. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutoka baadaye usiku kuliko ilivyokuwa utotoni. Kijana hapati usingizi mapema hata akilazimishwa kuzima taa, na bado asubuhi anaamshwa pamoja na watu wazima. Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku kwa walio na miaka 13 hadi 18. Vijana wetu wengi hawazifikii, halafu sisi tunaongeza kesha usiku wa kuamkia siku ya shule na kuliita jambo la kiroho. Mimi siweki kesha la vijana usiku kama huo, na nitaendelea kukataa. Katika Matendo sura ya 20, Eutiko alilemewa na usingizi wakati Paulo akiendelea kuhubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia. Hatusomi popote kwamba alimkemea.

"Wasipopewa burudani hawatakuja"

Watakuja kwa burudani, na wataondoka wakipata nzuri zaidi pengine. Francis Clark, mchungaji wa Portland katika jimbo la Maine, alianzisha chama cha vijana mwaka 1881 ambacho wanachama wake waliahidi kushiriki katika kila mkutano: kuomba, kusoma, kushuhudia, kuhudumu katika kamati. Kilienea nchi nyingi. Mpe kijana zamu yenye uzito, ahesabu sadaka, aongoze maombi, awafundishe wadogo, uone kama atakosa. Vipaza sauti vipya si hitaji la kwanza.

"Anachokisema kijana kwa mchungaji ni siri kabisa", na "Mchungaji, niambie alichokuambia"

Haya mawili yanatoka kwa watu tofauti na yote si kweli. Kila kijana ninamwambia mwanzoni, kabla hajaanza kusema: nitakutunzia siri, isipokuwa kama unataka kujidhuru, kama kuna anayekudhuru, au kama unataka kumdhuru mtu. Hapo nitamtafuta anayeweza kusaidia, na nitakujulisha kwamba namtafuta. Mzazi naye asinitarajie nimletee ripoti ya kila mazungumzo. Kijana akijua naripoti, hatasema tena, na siku ya hatari hakuna atakayejua.

Mazungumzo hayo hufanyika mahali ambapo mtu mzima mwingine anatuona. Mlango uko wazi, au una kioo. Anayesema kwamba hiyo ni kumshuku mtumishi wa Mungu hajakaa na mtoto aliyedhulumiwa na mtu aliyeaminiwa na kila mtu. Kanuni hii inamlinda kijana kwanza, na haina cheo kinachosamehewa.

Na hapa kuna dhana inayoua: kwamba ukimuuliza kijana kama anawaza kujiua utampandikizia wazo hilo. Hapana. Kumuuliza waziwazi hakumpandikizii. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata nafuu ya kusema. Shirika la Afya Duniani linakitaja kujiua kuwa chanzo cha tatu cha vifo kwa walio na miaka 15 hadi 29. Uliza kwa maneno yasiyozunguka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu anavyoweza kutumia, mpeleke kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo. Omba naye njiani. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, si upungufu wa imani, na kijana anayemeza dawa alizoandikiwa na daktari hajamwacha Mungu. Anayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani anacheza na uhai wa mtoto wa mwenzake.

"Atapata lini usharika wake mwenyewe?"

Huulizwa kwa nia njema, kana kwamba vijana ni ngazi ya kupandia kwenda kwenye uchungaji wa kweli. Vijana wenyewe wanalisikia swali hilo. Wanajua kwamba kila wakimzoea mtu anahamishwa, ndiyo maana kijana wa miaka 17 hamwamini mchungaji mpya mwaka wa kwanza hata afanyeje. Aliyeingia darasa la kipaimara akiwa na miaka 13 anastahili kumkuta mtu yule yule akimaliza shule. Kwa hiyo baraza linalotafuta mchungaji wa vijana liandike mkataba wa miaka isiyopungua mitano, na mshahara unaomwezesha mtu mwenye familia kubaki.