Oili ya gari la saketi huchaguliwa kwa joto

Kabla ya kununua oili ya gari unalolikimbiza kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, jua kwanza oili iliyomo sasa inafika joto gani. Geji ya maji haitakuambia. Maji yanaweza kutulia kwenye nyuzi 90 huku oili ikiwa 130. Funga sensa ya joto kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, zunguka dakika 20 kwa kasi yako ya kweli, kisha soma kiwango cha juu kilichofikiwa. Ukifanya hivyo, nusu ya ubishi kuhusu oili ipi bora unakwisha.

Namba za kwenye kopo zinaeleza machache kuliko watu wanavyodhani. Katika 5W-40, ile 5W inahusu baridi, injini inapowashwa, na gari likishapata moto haina tena la kusema. Ile 40 ni mnato, yaani ugumu wa oili kutiririka, kwenye nyuzi 100: kanuni ya SAE J300, ya chama cha wahandisi wa magari, inataka sentistoki (kipimo cha mnato) 12.5 hadi chini ya 16.3. Oili ya 30 huanzia 9.3, ya 50 huanzia 16.3. Kwa hiyo kopo mbili za 5W-40 zinaweza kuwa moja ina 12.8 na nyingine 15.5, na tofauti hiyo utaiona kwenye geji ya presha. Tafuta karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, usiridhike na lebo.

Kwenye karatasi hiyo, kipimo ninachokitazama kwanza ni HTHS, yaani mnato kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inasuguliwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ile iliyomo ndani ya beringi za kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwa saketi sishuki chini ya 3.5, na joto likizoea kupita 120 nataka 4 au zaidi. Hapa wengi huteleza: oili ya 5W-30 yenye alama ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) A5/B5 ina HTHS kati ya 2.9 na 3.5, ilhali 5W-30 ya A3/B4 au C3 haipungui 3.5. Namba ya mbele ya kopo ni ileile, ulinzi wa beringi si uleule.

Tazama pia umbali kati ya namba mbili. Oili ya 5W-50 mara nyingi hutegemea polimeri nyingi ili isilegee sana ikipata moto, na polimeri hizo hukatikakatika ndani ya injini inayozungushwa kwa nguvu. Ilianza ikiwa 50, baada ya siku chache ni 40. Kama hamna baridi kali, 10W-40 au 10W-50 ya sinthetiki hushikilia mnato wake vizuri zaidi. Injini za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda zina adui wa pili: petroli hupenya ringi za pistoni na kuizimua oili iwe nyepesi. Hizo nazipa mnato wa ziada kidogo.

Ila usikimbilie 60 kwa hofu. Oili nzito kupita kiasi huongeza msuguano, na msuguano ni joto. Presha ikifika kikomo, vali ya kupunguza presha hufunguka na kuirudisha oili kwenye sampu au pampu bila kupita kwenye beringi. Geji inapendeza, mtiririko umepungua. Ninachotumia ni ile kanuni ya zamani ya mafundi: oili ikiwa moto, presha ya takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikipungua hapo, panda daraja moja. Ikiwa moto na bado presha imegota kwenye kikomo cha vali, shuka.

Kuna tatizo ambalo hakuna oili inayolitibu. Presha ikianguka katikati ya kona ndefu kisha ikarudi kwenye njia iliyonyooka, oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Beringi hufa kwa sekunde chache za namna hiyo. Dawa ni sampu yenye vizuizi vya ndani, tangi la akiba la presha, au sampu kavu, ambayo oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, lakini usiipite sana: kranki ikiigonga oili huifanya povu, na oili yenye povu haibebi mzigo.

Joto likipita 130 mara kwa mara, weka kipoza oili chenye thamostati, vali inayofunguka kwa joto. Bila thamostati, ukiwa barabarani oili haipati moto wa kutosha kuchemsha maji na petroli iliyochanganyika nayo. Na usizungushe injini juu kabla oili haijafika nyuzi 80.

Kubadilisha: mimi naona siku tatu za saketi zinatosha, hata kama rangi bado safi, maana rangi haionyeshi mnato. Ukitaka uhakika, peleka sampuli maabara. Ichukue oili ikiwa na moto, katikati ya mmiminiko, si matone ya kwanza yanayobeba uchafu wa chini. Kwenye majibu soma mnato wa nyuzi 100, kiasi cha petroli, halafu metali za risasi na shaba, zinazotoka kwenye beringi zikilika. Hizo mbili zikipanda pamoja, fungua sampu ukazikague beringi kabla ya kurudi saketi.