Je, wajua kwa nini manowari iliyofika katika bahari yetu mwaka 2009 ilibeba jina la tabibu wa miaka 20?

Mwezi Aprili 2009 watu wengi wa Mombasa walikuwa wakifuatilia habari za meli ya mizigo iitwayo Maersk Alabama, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 8 ya mwezi huo ikiwa safarini kuja bandarini Mombasa, huku sehemu ya shehena yake ikiwa ni maelfu ya tani za misaada. Mabaharia walifaulu kuirudisha meli mikononi mwao na kuifikisha Mombasa jioni ya tarehe 11, lakini nahodha wao, Richard Phillips, alikuwa amechukuliwa mateka ndani ya mashua ya kuokolea watu, naye akaokolewa siku iliyofuata. Manowari iliyotajwa sana katika habari zile ni Bainbridge, kwa kuwa wadunguaji waliommaliza kila aliyemshikia nahodha silaha walifyatua risasi wakiwa juu yake. Palikuwa na manowari nyingine ya Marekani pembeni, ambayo wengi waliisikia mara moja wakaisahau. Iliitwa Halyburton.

Mtu akilisikia jina la manowari hudhani kwamba mwenye jina alikuwa admirali mwenye mvi, au walau nahodha aliyezamisha meli za adui. William David Halyburton hakuwa hivyo. Alikuwa kijana wa miaka 20 katika jeshi la majini la Marekani, cheo chake kiliitwa msaidizi wa mfamasia wa daraja la pili, na mauti yalimkuta nchi kavu, katika uwanja ulio wazi juu ya kilima cha kisiwa cha Okinawa, kusini ya Japani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa amemkinga majeruhi kwa mwili wake mwenyewe. Yapo basi maswali mawili yanayostahili kujibiwa kwa utulivu: mwanamaji alifikaje kule kilimani, na kwa nini kazi yake ya kutibu ilikuwa miongoni mwa kazi za hatari kuliko zote vitani?

Halyburton alizaliwa tarehe 2 Agosti 1924 katika mji mdogo wa Canton, uliojulikana kwa kiwanda chake cha karatasi, upande wa milima ya jimbo la North Carolina. Masomo ya sekondari aliyamalizia mwisho mwingine wa jimbo hilo, pwani, katika shule ya New Hanover mjini Wilmington. Wilmington ya miaka ile ilikuwa imegeuzwa na vita: karakana yake ya kuunda meli, iliyofunguliwa mwaka 1941, ilitoa meli 243 kabla ya kufungwa, na kijana aliyekuwa darasani aliishi katika mji ambao vita havikuwa habari za redio peke yake. Mwezi Agosti 1943, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19, alijiandikisha katika akiba ya jeshi la majini, na jeshi likampeleka upande wa tiba.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza, nalo linatokana na jinsi majeshi ya Marekani yalivyopangwa. Kikosi cha Marine, ambacho kazi yake kuu ni kutoka majini na kupigana nchi kavu, hakina madaktari wake, hakina wauguzi wake, wala hakina hata makasisi wake. Hao wote hutolewa na jeshi la majini. Kila kombania ya Marine inayokwenda vitani hupewa matabibu wachache ambao kwa daftari ni wanamaji, lakini wanakula, wanalala, wanatembea na kufa pamoja na askari wa miguu. Idara yao ya tiba iliundwa kwa sheria ya bunge la Marekani tarehe 17 Juni 1898, wakati wa vita na Hispania, na kwa kuwa kazi yao ya asili ilikuwa kusaidia katika duka la dawa na wodi za meli, cheo cha msaidizi wa mfamasia kikadumu mpaka mwaka 1948. Kwa hiyo mwaka 1945 mtu aliyetambaa chini ya risasi akiburuta majeruhi aliandikwa katika hati rasmi kwa jina linaloleta picha ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta akihesabu vidonge.

Askari wenyewe hawakuwaita hivyo. Waliwaita kwa ufupi "Doc", yaani daktari, ingawa wengi wao walikuwa vijana waliotoka shule juzi. Mafunzo yao yalianza katika shule za tiba za jeshi la majini, walikojifunza maumbile ya mwili, vipimo vya dawa, kufunga vidonda na kuuguza wagonjwa. Waliopangiwa kwenda na Marine waliongezewa mafunzo ya uwanjani, ya kutambaa, kubeba machela na kutibu gizani. Mkoba wa tabibu ulikuwa na bendeji, mikanda ya kubana kiungo kinachovuja damu, unga wa salfa wa kunyunyizia kidonda kisioze, na mofini katika vijitubu vidogo vyenye sindano, vinavyobonyezwa mara moja na kutupwa. Chupa za plazima, yaani yale maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, zilikuwa neema kubwa ya vita vile, kwa sababu zilimrudishia uhai mtu aliyemwaga damu nyingi hata kabla hajafika kwa daktari mpasuaji.

Sheria za vita zinamlinda mtu wa tiba, na alama ya msalaba mwekundu imewekwa ili adui asimlenge. Katika visiwa vya Pasifiki matabibu wengi waliuvua msalaba huo, kwa kuwa waliona unawafanya walengwe badala ya kuwaokoa, na wengi wakabeba bastola au bunduki fupi ili kujilinda wao na wagonjwa wao, jambo ambalo sheria hizo hizo zinaliruhusu. Hivyo kwa mbali tabibu hakutofautiana na askari mwingine, isipokuwa kwa jambo moja: wakati wengine wote wanalala chini, yeye ndiye aliyeonekana akisimama.

Okinawa ilivamiwa tarehe 1 Aprili 1945. Jenerali Ushijima, aliyeongoza majeshi ya Kijapani kisiwani, aliamua kutopigana ufukweni. Watu wake walijichimbia katika vilima vya kusini, kuizunguka ngome ya kale ya Shuri, ndani ya mapango na mahandaki yaliyounganishwa kwa chini. Ubaya wa ngome za namna hii ni kwamba kila kilima kililindwa na vilima jirani. Kikosi kikivuka korongo na kuanza kupanda, kilipigwa kutoka mbele, kutoka ubavuni na mara nyingine kutoka mgongoni, na mizinga midogo ya mota iliyofichwa upande wa pili wa mlima ilimimina makombora bila wapigaji kuonekana. Divisheni ya Kwanza ya Marine, ambayo Halyburton alikuwa katika batalioni ya pili ya rejimenti yake ya tano, iliingizwa katika mstari huo wa kusini mwishoni mwa Aprili.

Tarehe 8 Mei Ujerumani ilikuwa imesalimu amri. Ulaya watu walicheza barabarani. Okinawa mizinga ya Wamarekani ilipiga kwa pamoja saa sita mchana kuadhimisha, kisha vita vikaendelea. Siku mbili baadaye, tarehe 10 Mei, batalioni ya Halyburton ilikuwa ikishambulia katika korongo la Awacha, kaskazini ya Shuri.

Yaliyotokea siku ile yameelezwa katika hati ya Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo tuzo ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi ya Marekani. Kundi la mbele la kombania lilivuka korongo, likapanda kilima na kutokeza katika uwanja ulio wazi, na hapo likanaswa. Makombora ya mota, bunduki za rashasha na wadunguaji vililielekea kwa pamoja, watu wakaanguka, na waliosalia hawakuweza kusonga mbele wala kurudi nyuma. Halyburton alikuwa nyuma yao. Alikimbia kulivuka korongo, akapanda kilima na kuingia katika uwanja ule ule, akaendelea mbele mpaka akamfikia majeruhi aliyekuwa mbali kuliko wote.

Neno hilo, mbali kuliko wote, linanifanya nisite kila nilisomapo. Walikuwapo majeruhi wa karibu. Kama angeanza na wa kwanza aliyemkuta, hakuna ambaye angemlaumu, kwani naye alihitaji msaada. Lakini majeruhi wa mbali ndiye ambaye hakuna mwingine angeweza kumfikia.

Alipokuwa akimpa huduma ya kwanza, mgonjwa wake alipigwa risasi ya pili. Halyburton akajiweka kati ya majeruhi na risasi zilikokuwa zikitokea, akamfunika kwa mwili wake, na mikono yake ikaendelea kutibu huku risasi na vipande vya chuma vikianguka pande zote. Aliendelea hivyo mpaka yeye mwenyewe akapata majeraha ya kifo na kuanguka. Alikuwa amebakiza chini ya miezi mitatu kutimiza miaka 21.

Sasa tulitazame swali la pili, kwa sababu ni rahisi kusema kijana huyu alikuwa shujaa na kuishia hapo, ilhali kazi yenyewe ilikuwa imeundwa kwa namna ya kumpeleka tabibu kifoni. Askari anaposhambuliwa ghafla hufanya jambo moja la busara: hulala chini na kutafuta kichaka, jiwe au shimo la kujificha. Majeruhi hakuchagua mahali pake. Ameangukia pale pale risasi zilipompata, maana yake ni mahali ambapo adui ameshathibitisha kwamba analenga vizuri. Anayemwendea anakwenda kusimama katika sehemu iliyokwisha kupimwa. Tena hawezi kungoja mapigano yapoe, kwa kuwa mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kuishiwa damu katika dakika chache, na bendeji inayofika baada ya nusu saa inafungwa juu ya maiti. Na akishafika, kazi ya kutafuta tundu la jeraha, kukata nguo, kubana, kufunga na kuchoma sindano haifanyiki mtu akiwa amelala kifudifudi: lazima apige magoti, ainue kiwiliwili, na atumie mikono miwili ambayo kwa wakati huo haiwezi kushika silaha. Adui mwenye shabaha anajua yote haya, na anajua pia kwamba penye majeruhi atakuja mtu mwingine.

Ndiyo maana takwimu za nishani zinasema jambo zito. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia matabibu saba wa ngazi hii wa jeshi la majini walipewa Nishani ya Heshima, wote kwa matendo ya mwaka 1945, wanne katika Iwo Jima, kisiwa kingine cha Japani, na watatu katika Okinawa, na wanne kati ya hao saba hawakuwa hai kuipokea. Mmoja wa waliopona ni Robert Bush, aliyekuwa na miaka 18 tarehe 2 Mei, siku nane kabla ya kifo cha Halyburton na katika divisheni hiyo hiyo. Aliinua chupa ya plazima kwa mkono mmoja na kufyatua bastola kwa mkono wa pili ili mgonjwa wake asifikiwe, akapoteza jicho. Mwingine ni Fred Lester, wa miaka 19, ambaye tarehe 8 Juni, akiwa amejeruhiwa vibaya kiasi cha kutoweza kutibu kwa mikono yake, aliwaelekeza wenzake kwa maneno namna ya kuwahudumia majeruhi wengine wawili, kisha akafariki.

Mapigano ya Okinawa yalikwisha katika siku za mwisho za Juni. Wamarekani zaidi ya 12,000 walikuwa wamekufa, na Wajapani na wenyeji wa Okinawa kwa idadi iliyo kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Wenyeji walikufa mapangoni, mashambani na barabarani, na haifai kumtaja kijana mmoja aliyekufa kwa kumhudumia mwenzake bila kuwataja nao, ambao wengi wao hawakuwa na tabibu wa kuwakimbilia. Katika kilima cha Mabuni, kusini ya kisiwa, mwaka 1995 yalizinduliwa mawe meusi yaliyochongwa majina zaidi ya 200,000 ya waliokufa, Wajapani, Wamarekani, Wakorea na watu wa Okinawa, raia na askari pamoja.

Jeshi la majini la Marekani lina desturi ya kuzipa manowari za ukubwa wa kati majina ya watu wake waliotenda ushujaa, wa cheo chochote, na matabibu wamo katika desturi hiyo: Lester alipata manowari yake, vilevile John Willis aliyekufa Iwo Jima na Edward Benfold aliyekufa Korea mwaka 1952. Manowari Halyburton iliundwa Seattle na kuanza kazi mwanzoni mwa mwaka 1984, ikatumika miaka 30 hadi ilipostaafishwa mwezi Septemba 2014. Mjini Wilmington, alikosoma, ipo bustani ya umma yenye miti ya misonobari inayoitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe amezikwa Honolulu, katika makaburi ya kitaifa yaliyo ndani ya kreta ya volkeno iliyozimika.

Majeruhi aliyekuwa mbali kuliko wote hakutajwa kwa jina katika hati ya nishani. Ameitwa Marine tu, kama Halyburton pengine alivyomwona alipokuwa akikimbia kumwendea: mtu mmoja aliyelala uwanjani, aliyehitaji kufungwa jeraha.