Tarakimu mbili za kituoni

Mtoto akikamatwa usiku, safari yake yote inategemea umri ambao askari wa zamu ataandika. Akiandika 16, kesi inafuata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009: Mahakama ya Watoto inayokaa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na mtoto hahukumiwi kifungo gerezani. Akiandika 19, kijana analala selo moja na watu wazima, kisha anapandishwa kizimbani kama wao.

Na watoto hudanganya umri. Wale wa stendi na sokoni hujitia wakubwa kwa sababu wenzao wamewaambia mkubwa hulipa faini akaenda zake, mdogo hurudishwa kwao. Kwa aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo, hakuna adhabu inayozidi kurudishwa kwao. Askari hana cha kumpinga. Mimi, afisa ustawi wa jamii, naweza kukipata: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au rejista ya darasa la kwanza. Nampigia mwenyekiti wa mtaa, yeye ananipa namba ya mwalimu mkuu, na picha ya ukurasa wa rejista inaingia kwenye simu yangu. Wakati mwingine jina tayari limo kwenye mafaili yetu, tangu mama yake alipokuja kudai matunzo.

Mahakama nayo ina wajibu wa kuchunguza umri wa mshtakiwa anayeonekana ni mtoto. Sawa, lakini hapo ameshalala na wakubwa.

Ndiyo maana semina za "ushirikiano wa wadau" hunichosha kidogo. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Dawati la Jinsia na Watoto ni la Jeshi la Polisi. Mwendesha mashtaka ana ofisi yake, na hakimu yuko kwenye mhimili mwingine kabisa. Hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Kwetu kilichosaidia ni kukubaliana na mkuu wa dawati kwamba kijana yeyote mwenye sura ya utoto, hata akisema ana miaka 20, napigiwa kabla hajaandikwa maelezo. Wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, hao nakabidhiwa moja kwa moja.

Kinachofuata ni dhamana, na hapa ndipo pagumu. Mahabusu za watoto hazipo kila mkoa, kwa hiyo asipopatikana ndugu, mtoto atasafirishwa mbali na kesi itakwama kila tarehe gari likikosa mafuta. Hakimu hataki insha, anataka kujua mtoto atalala wapi leo. Ripoti yangu ya uchunguzi wa kijamii huanza na jina la atakayekaa naye, nyumba iliko, na kama nimemsikia mwenyewe akikubali. Historia ya familia nimeihamishia ukurasa wa pili.