Yerusalemu ya kwenye kalenda na Yerusalemu yenyewe

Usharika ukianza kuchangishana fedha za safari ya Nchi Takatifu hapa Moshi, maneno nayo huanza. Mengine huzaliwa kwenye kikao baada ya ibada, mengine huletwa na waliokwenda wakarudi na picha nyingi kuliko maelezo.

La kwanza ni kwamba Mkristo asiyekwenda hija imani yake ina pengo. Sharti hilo halimo katika Ukristo. Mwaka 1520 Martin Luther aliwakemea watu waliotumia fedha nyingi kwenda hija Roma huku mke na watoto wakiteseka nyumbani. Kwa hiyo anayepiga hesabu ya kuuza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, ili alipie safari, na ni Mlutheri, jibu lake lina zaidi ya miaka 500.

Linalovunja watu moyo zaidi ni Golgotha, mahali aliposulubiwa Yesu. Wengi wanatarajia kilima kitupu nje ya mji, kama kwenye kalenda za ukutani. Wanapelekwa kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu, ambamo Golgotha imo, katikati ya maduka, wanaanza kunong'onezana: Biblia si inasema Yesu aliteswa nje ya lango? Inasema, na ndivyo ilivyokuwa. Ukuta uliolizingira eneo lile ulianza kujengwa baadaye, wakati wa Herode Agripa wa Kwanza, kati ya mwaka 41 na 44. Hata kuta zinazoonekana leo ni za Sultani Suleiman, za 1537 hadi 1541.

Ukishaingia, kulia kuna ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali. Juu kuna altare ya Waorthodoksi wa Kigiriki. Unapiga magoti chini yake, unaingiza mkono kwenye tundu, unagusa mwamba. Foleni ni ndefu, na mtu wa nyuma yako hana subira. Kanisa la kwanza hapo liliwekwa wakfu mwaka 335, likabomolewa 1009, likajengwa tena.

Wala si la Wakatoliki peke yao. Linatumiwa na Wagiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia, kila mmoja na zamu na kona yake, na ugomvi wao ni wa kihistoria. Ufunguo wa mlango uko kwa familia ya Kiislamu, na familia nyingine ya Kiislamu ndiyo hufungua. Mipango hiyo ni ya karne nyingi.

Waprotestanti wengi hupenda zaidi Kaburi la Bustani, karibu na Lango la Dameski, ambapo wengine huamini ndipo alipozikwa Yesu. Pametulia, na vikundi hushiriki Chakula cha Bwana pale. Ila pana umaarufu tangu 1883, jenerali Mwingereza Charles Gordon alipopatangaza, na wanaakiolojia wanasema kaburi lile lilichongwa karne nyingi kabla ya Yesu, ilhali Mathayo anataja kaburi jipya. Salini pale kwa raha zenu. Msije tu mkasimulia huku kwamba imethibitishwa.

Mizeituni ya Gethsemane? Iliyopimwa ilionyesha vigogo vya karne ya 12. Mizee, lakini haikumwona Bwana.

Kuhusu joto: Yerusalemu si Dodoma. Iko juu ya milima, mwinuko wake haupishani sana na wa Moshi mjini, lakini Januari, wakati sisi huku tunatoka jasho, kule ni baridi na mvua, na miaka mingine theluji. Mama zetu wasifungashe vitenge tu. Sweta ni lazima, na nguo ifunike mabega na magoti.

Ratiba ikiruhusu, iombeni Ijumaa iwe huru mchana. Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, huongoza Njia ya Msalaba, maandamano ya sala ya kukumbuka Yesu alivyopelekwa kusulubiwa, saa tisa alasiri, majira ya joto saa kumi, na yeyote anaweza kufuata. Vituo tisa viko vichochoroni, vitano vya mwisho ndani ya kanisa. Mawe ya njia yanateleza, kwa hiyo viatu vya ibada vibaki hotelini.