Usaha tumboni: je, ni lazima kupasuliwa?

Mume wangu ana homa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hospitali ya wilaya wamesema ni jipu la ini, watatoa usaha kwa mrija bila kumpasua. Inawezekana?

Inawezekana, dada, na kwa majipu mengi makubwa ndiyo njia ya kwanza. Daktari hutumia ultrasaundi, mashine ile ile ya kuangalia wajawazito, kutafuta njia isiyogusa utumbo wala mshipa mkubwa wa damu. Ngozi huchomwa ganzi. Sindano ndefu huingizwa huku ncha yake ikifuatwa kwenye skrini. Usaha ukionekana, waya mwembamba hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, njia hupanuliwa kidogo, na mrija hufuata waya hadi ndani ya jipu. Mgonjwa yuko macho muda wote. Kwa hospitali yenye mtaalamu mmoja tu wa dawa za usingizi, au isiyo naye kabisa, hilo ni jambo kubwa mno.

Usaha uliojificha katikati ya matumbo ni habari nyingine. Gesi huziba picha ya ultrasaundi, na hapo rufaa ya kwenda kwenye CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande, ni halali.

Kila jipu la ini linahitaji mrija?

La. Jipu la amiba, kijidudu kinacholeta kuhara damu, mara nyingi hupona kwa dawa kama metronidazoli, bila mrija. Usaha hutolewa kama jipu ni kubwa sana, linakaribia kupasuka, liko upande wa kushoto wa ini karibu na moyo, au dawa imetumika siku kadhaa na homa haishuki.

Hatari zake?

Kuvuja damu, ndiyo maana damu hupimwa kwanza kama inaganda vizuri. Pia utumbo unaweza kutobolewa. Kama mgonjwa ameishi na mbwa na mifugo, hasa maeneo kama Turkana, mwambieni daktari mapema: uvimbe wa tegu wa mbwa hufanana na jipu, na maji yake yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua.

Mrija ukishawekwa?

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Usaha mzito huziba mrija, kwa hiyo muuguzi ausafishe kwa mililita 5 hadi 10 za maji safi ya chumvi ya hospitali, mara mbili au tatu kwa siku. Ninyi mnaouguza, mfuko ukae chini ya usawa wa tumbo, mrija usikunjwe wala kuvutwa, na kiasi kinachotoka kiandikwe kila siku. Usaha ukikata ghafla na homa ikabaki, msifurahi: huenda mrija umeziba. Mrija hutolewa homa ikiisha, kinachotoka kikipungua hadi chini ya mililita 10 au 20 kwa siku, na ultrasaundi ikionyesha jipu limesinyaa.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, ulizeni nani atausafisha mrija huo usiku na mwisho wa wiki.