Maziwa hayaondoi moshi wa kuchomelea kichwani

Juzi nilikuwa na mafundi wa karakana moja, ule upimaji wa afya wa kila mwaka, nikawauliza swali ninalowauliza mafundi wote, mnajikinga vipi na moshi? Karibu wote wakajibu neno moja, maziwa. Mmoja akatoa pakiti mfukoni kunionyesha, bosi anawagawia nusu lita kila Ijumaa, na wanasaini kabisa kwenye daftari kwamba wamepokea vifaa vya kujikinga. Maziwa yameandikwa kwenye daftari moja na glavu na buti!

Nimekaa kwenye kazi hii ya afya za wafanyakazi miaka kumi na kitu na hakuna jambo linalonichosha kama hayo maziwa. Nimeshasema mpaka sauti imekauka, leo naandika ili nikiulizwa tena nimtumie mtu asome.

Kwanza tuelewane moshi wenyewe ni kitu gani maana wengi wanadhani ni moshi tu kama wa kuni. Rodi unayochomelea, iwe 6013 au 7018, ina madini yanayoitwa manganizi ndani na imewekwa makusudi, inafanya pale ulipounganisha pawe pagumu pasipasuke. Sasa mwali ukiiyeyusha ile rodi, chuma kidogo kinageuka mvuke, mvuke unapoa hewani unakuwa chembe ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikroni moja, na hizo ndizo unazoona zinapanda kama wingu jeupe usoni kwako. Sehemu kubwa ya wingu hilo inatoka kwenye rodi wala sio kwenye bomba unalochomelea, kwa hiyo usiniambie eti "mimi nachomelea chuma kisafi". Na zile rodi ngumu za kujazia meno ya mashine ya kijiko ya kuchimbia au taya za mashine ya kusaga kokoto ndio zinaweza kuwa na manganizi nyingi kupita zote.

Haya, turudi kwenye maziwa. Yanapita kwenye umio yanaingia tumboni. Moshi unapita kwenye koo la hewa unaingia mapafuni. Njia mbili tofauti, na tone la maziwa likiingia upande wa mapafu maana yake umepaliwa. Wananiambia "dokta yanashusha vumbi la kooni", sawa, kooni ukinywa hata maji utajisikia vizuri, lakini kilichonasa kooni ni yale makubwa makubwa, utayakohoa au utayameza. Kinachoua ubongo ni manganizi iliyomo kwenye zile ndogo zilizoshapita kooni zamani, ziko kwenye vifuko vya hewa zinaingia kwenye damu, na damu hiyo inatoka mapafuni inaenda kwenye moyo inasukumwa mpaka kichwani kabla ini halijaiona.

Hapo kwenye ini ndipo penye siri yote. Manganizi iko kwenye chai, kwenye karanga, kwenye nanasi, kwenye dona, na mwili unaihitaji kidogo, ndio maana kuna wajuaji wananiambia kama ni sumu mbona tunaila kila siku. Ile ya chakula utumbo unaruhusu asilimia chache tu zipite, na hizo zilizopita zinafikia kwenye ini kwanza, ini linachukua ya ziada linaitupa kwenye nyongo inatoka na choo. Ya moshi haipiti kwenye geti hilo. Ni madini yale yale ila yameingilia mlango wa nyuma.

"Sasa mbona nikinywa napona?" Hili swali nalipenda kwa sababu fundi anayeniuliza hadanganyi, kweli anapona. Anachopona ni homa ya zinki. Ukichomelea bomba lenye zinki bila kuikwangua kwanza, jioni unaanza kutetemeka kwa baridi, mwili wote unauma, mdomoni ladha ya chuma, unadhani malaria imekupanda. Unakunywa maziwa, unalala, kesho yake au keshokutwa mzima kabisa. Asante maziwa! Homa ile inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili hata usiponywa kitu, afu mwili unaizoea katikati ya wiki, ukipumzika mwisho wa wiki Jumatatu inakukamata upya, mpaka wenzetu wa viwanda vya zamani huko Ulaya waliiita homa ya Jumatatu. Maziwa yamechukua sifa za kazi ambayo mwili umeifanya wenyewe, na sifa hizo hizo ndio tunazibeba tunazipeleka kwenye manganizi ambayo haina homa, haina baridi, haikuambii kitu miaka mitano, miaka kumi.

Na sisemi maziwa mabaya, kunywa, ni chakula. Ila kuna kitu watu hawakijui. Mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma anafyonza manganizi zaidi, kwa sababu mwili unatumia mlango mmoja kuingiza vyote viwili, chuma kikikosekana mlango unafunguliwa sana na manganizi inajipenyeza. Maziwa na chai ukinywa pamoja na chakula vinapunguza chuma unachofyonza. Kwa hiyo fundi ambaye wekundu wa damu uko chini, ana minyoo, anakula mihogo na chai ya maziwa mchana na kujiona amejikinga, huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote. Ushauri wangu ambao siachi kuutoa, pima wekundu wa damu, tibu minyoo, kula dagaa na maharage na kipande cha chungwa, chai subiri kama saa moja baada ya kula. Haizuii moshi, lakini angalau hujaufungulia mlango.

Nieleze kwa nini naongea kwa uchungu. Aliletwa kwangu baba mmoja, umri wa kati tu, fundi wa siku nyingi wa kuziba matenki ya magari ya mafuta, anaingia ndani ya tenki kupitia lile tundu la juu anachomelea humo humo. Yeye alikuja na neno moja, uchovu. Mkewe ndiye aliyeongea. Baba watoto amekuwa na uso kama kinyago, sauti imeshuka kama mtu anayenong'ona, afu mara anacheka msibani hakuna kilichochekesha, anaona aibu na hawezi kujizuia. Mama yule alikuwa ameleta daftari la vipimo vya kazi, mageti na madirisha ya miaka kama saba, alilileta kwa sababu ya madeni akitaka nimsaidie kusoma maana watoto wameshindwa. Nikafungua. Kurasa za mwanzo namba kubwa zimekaa vizuri, 2.4 kwa 3, unazisoma kwa mbali. Kila unavyofunua zinapungua, zinapungua, kurasa za mwisho maandishi kama sisimizi na mwisho wa mstari yanakuwa madogo kuliko mwanzo wake.

Nikamwambia baba simama, tembea. Anatembea kwa vidole, viwiko amevikunja, kama jogoo. Nikamwambia sasa rudi kinyumenyume hatua tano. Ya pili tu akaanza kuanguka kama gogo, bila kujishika, nikamdaka kwa sababu nilishasimama nyuma yake. Picha ya ubongo ya MRI ilipokuja globasi palidasi, zile sehemu za ndani ya ubongo zinazosaidia kuongoza mwendo, zote mbili zinang'aa, kushoto na kulia.

Nikamuuliza mkewe, kazini alikuwa anajikinga na nini? Akasema, "Maziwa dokta, hajawahi kukosa hata siku moja, namfungashia mwenyewe."

Sasa mtu asiniambie hayo ni mambo mapya. Glasgow mwaka 1837 daktari John Couper aliandika habari za wafanyakazi watano waliokuwa wanasaga manganizi kwenye kiwanda cha kemikali, miguu dhaifu, mwili umeinama mbele, sauti ya kunong'ona, mate yanatoka. Karibu karne mbili zimepita na dalili ni hizo hizo nazisoma kwenye daftari la mageti.

Kuna wanaosema amerogwa, au ana jini. Naelewa kabisa inatoka wapi, mtu mzima anaanza kucheka na kulia ovyo, anaanguka, anafanya mambo asiyofanyaga, familia inaogopa. Chile wachimbaji wa manganizi walikuwa wanapata hali hiyo mpaka ikapewa jina, locura manganica, wazimu wa manganizi, na Moroko daktari Rodier aliandika mwaka 1955 kuhusu wachimbaji wa manganizi wa kule walioharibika vivyo hivyo. Wote walikuwa wanavuta vumbi moja. Ukienda kwa mganga au kwa mchungaji nenda, ila pitia hospitali na useme unafanya kazi gani, maana tusipouliza kazi hatutagundua kamwe, na madaktari wenzangu hili ni letu pia, hatuulizi.

"Ni Parkinson tu, dawa zipo." Hapana. Inafanana lakini sio yenyewe. Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, inaharibu sehemu nyingine ya ubongo inayoitwa substansia nigra, mara nyingi inaanza upande mmoja, mkono unatetemeka ukiwa umetulia, na dawa yake ya levodopa inasaidia sana. Ya manganizi inakaa zaidi kwenye globasi palidasi, inakuja pande zote mbili, kutetemeka kwa kupumzika sio sana, kuanguka kinyumenyume ni mapema, na levodopa mara nyingi haifanyi kitu cha maana. Dawa ya kurudisha ulichopoteza hatuna.

Ndio maana "nitaacha nikiona dalili" inanikasirisha. Taiwan walifuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha manganizi na chuma, walishatolewa kwenye kazi ile, miaka 10 baadaye wanazidi kuharibika. Kuacha mapema kunasaidia sana, kuacha umeshaanza kuanguka sio mapema. Na kabla ya kuanguka kuna dalili ambazo mafundi hawazihusishi na kazi, hasira za haraka, usingizi mbovu, kusahau, nguvu za kiume kushuka. Wale waliochomelea daraja la San Francisco na Oakland, ndani ya nafasi zilizofungwa, walipimwa watu 43 na utafiti ukatoka 2007, walikuwa na hayo hayo. Kwetu hapa mtu akiona nguvu zimepungua anakimbilia mizizi, jioni anarudi ndani ya tenki.

Damu uliyopimwa manganizi imetoka safi? Inaonyesha wiki chache zilizopita tu, haionyeshi miaka kumi ya nyuma. Usitembee na karatasi hiyo kama cheti.

Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii, chembe zinapita pembeni na katikati. Tafuta maski ya N95 kwenda juu, ikae usoni bila upenyo, ndevu zinaleta upenyo. Kioo cheusi kinalinda macho, mapafu hakiyajui.

"Nachomelea nje, upepo upo." Bora kuliko ndani ya tenki, kweli kabisa. Ila ukiinama juu ya kazi kichwa kinakuwa ndani ya wingu hata uwanja ukiwa wa mpira. Na kiasi cha manganizi kinachovumilika hewani ni kidogo kuliko unavyodhani, ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, mwaka 2013 ilishusha kipimo inachopendekeza mpaka miligramu 0.02 kwa mita ya ujazo kwa zile chembe zinazofika ndani ya mapafu. Huwezi kukiona kiasi hicho kwa macho. Kaa upande, kichwa nje ya wingu, upepo ukupige kutoka ubavuni usikupige mgongoni, maana wa mgongoni unafanya moshi uzunguke mbele ya kifua na kupanda puani. Feni la kunyonya liwe karibu na mwali, sio lile la kupuliza lililotundikwa darini linalozungusha moshi kwa kila mtu. Ndani ya tenki hakuna maski ya dukani itakayotosha, hewa safi isukumwe ndani na moshi uvutwe nje, na mtu wa kukuangalia awe juu kwenye tundu.

Mabosi, hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imewapa ninyi jukumu la kulinda watu wenu, na upimaji wa afya ni wa kisheria. Pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko feni la kunyonya na ndio maana inapendwa. Nikilikuta daftari lenu la maziwa naandika kwenye ripoti kwamba vifaa vya kujikinga havijatolewa, na nitaendelea kuandika hivyo.

Na wewe fundi, nunua daftari moja la bei ndogo. Kila tarehe moja andika jina lako kamili mara tano, bila kujilazimisha kuandika vizuri, weka tarehe. Ukija kupimwa njoo nalo, na lile la vipimo vya mageti la zamani njoo nalo pia.